Kibati cha Shofere: Land Rover za zamani, wanaozitafuta na wanaozifufua

Wiki hii ni zamu yangu ya historia. Niliahidi kuandika juu ya Mkutano wa Berlin. Samahani, Berlin itasubiri. Kuna mzee amenipa swali, nimezunguka nalo mwezi mzima, na leo nataka niwaeleze nimefika wapi.

Mimi najitolea kuandikisha wazee wenye shida ya macho, ili daktari akija wapimwe kwa zamu. Ndivyo nilivyofika kwa mzee ambaye hapa Nyarugusu wote tunamwita Shofere. Nilipomaliza kuandika jina na kijiji chake, akaniambia ningoje. Akafungua mfuko wa nailoni anaowekea kadi ya mgao, akatoa kibati chembamba, kidogo kuliko kiganja changu, kina matundu ya skrubu kwenye pembe. Juu yake kuna maandishi ya Kiingereza na namba iliyogongwa kwa chuma.

"Mutoto wangu, macho yamekataa. Mie nitasema namba, wewe angalia kama ndiyo."

Akaisema yote, tarakimu nane na herufi moja ya mwisho. Hakukosea hata moja.

Kibati hicho ni cha Land Rover aliyokuwa akiendesha kule kwetu Fizi, kwa mfanyabiashara mmoja. Alianza kama boyi-shofere miaka ya 1970, akilala juu ya mizigo, baadaye akapewa usukani. Mwishoni mwa Oktoba 1996 vita ilipoingia, alipakia watu kadiri gari lilivyoweza kubeba, akaondoka nao. Kabla ya kufika Baraka ekseli ya nyuma ikakatika. Watu wakashuka, wakaendelea kwa miguu. Yeye akabaki nyuma kidogo, akatoa bisibisi, akang'oa kibati.

"Nilitaka nimupelekee patron," anasema. "Ajue nimeiacha wapi. Ajue sikuiuza."

Patron hajaonekana hadi leo. Ila maneno yalivuka ziwa haraka kuliko watu: eti Shofere aliwauzia askari gari ya bosi, akala pesa. Hapa kambini kuna ukoo uliwahi kumkatalia kijana wake binti yao kwa sababu hiyo hiyo. "Hatuozi kwa mwizi." Mzee hakujibu. Angejibu nini? Alikuwa na kibati tu, na kila aliyemwonyesha alifikiri ni chuma chakavu.

Basi akaniuliza: "Wewe umesoma. Kwa hii namba, motokari inaweza kupatikana?"

Nikasema nitatafuta. Nilidhani ni kazi ya siku moja.

GARI LILILOCHORWA MCHANGANI

Tuanze mwanzo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia Wamarekani walitengeneza kigari cha jeshi, Jeep, kinachovuta kwa magurudumu yote manne. Kati ya mwaka 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford vilitoa zaidi ya 600,000. Vita ilipokwisha, nyingi zilibaki Ulaya na zikauzwa kwa raia. Mmoja wa waliokuwa nayo alikuwa Maurice Wilks, mkuu wa wahandisi wa kampuni ya magari ya Rover huko Uingereza. Alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, Wales, na Jeep ndiyo iliyokuwa punda wake pale shambani. Lakini ilikuwa imechoka, na spea zilikuwa shida.

Mwaka 1947, akiwa ufukweni mahali panapoitwa Red Wharf Bay, pamoja na kaka yake Spencer aliyekuwa akiongoza kampuni hiyo hiyo, Maurice alichora mchangani umbo la gari alilolitaka. Mawimbi yakafuta mchoro, ila wazo likabaki. Gari la kwanza la majaribio walilijenga juu ya chesisi ya Jeep, usukani wakauweka katikati kama wa trekta. Gari hilo halipo tena. Kwa wapenzi wa Land Rover ni kama marehemu asiye na kaburi.

Sasa angalieni jinsi umaskini unavyofundisha. Uingereza baada ya vita ilikuwa haina chuma cha kutosha. Serikali ilikuwa inakigawa kwa mgao, kama sisi tunavyogawiwa unga. Alumini ndiyo ilikuwepo, kwa sababu viwanda vilikuwa vimezoea kutengeneza ndege. Basi bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, chesisi tu ikawa ya chuma. Hata rangi ya kijani ya magari ya kwanza ilikuwa ile iliyobaki kwenye maghala ya jeshi. Bodi ikawa na pande zilizonyooka tu, maana bati lililonyooka halihitaji mashine kubwa ya kulikunja. Yaani lile umbo la sanduku ambalo leo watu wanaliona ni la kishujaa, lilitokana na kukosa.

Tarehe 30 Aprili 1948 gari lilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam. Rover walidhani ni biashara ya muda mfupi tu, hadi hali itengemae. Lilikuwa gari la mkulima: lingeweza kulima, kuvuta tela, na kwa nyuma kulikuwa na mahali pa kuunganishia mashine ili injini ya gari izungushe msumeno au kinu. Biashara hiyo ya muda mfupi iliendelea mpaka tarehe 29 Januari 2016, gari la mwisho la ukoo huo lilipotoka kiwandani Solihull. Jumla yalikuwa zaidi ya milioni 2.

YALIYOPOTEA, YAKAPATIKANA

Gari likitengenezwa kwa mamilioni, kwa nini mtu ahangaike kutafuta moja? Hapo ndipo nilipoanza kuelewa swali la Shofere.

Kati ya magari ya majaribio ya mwaka 1948, matatu yalipelekwa Amsterdam. Moja likaja kupotea. Mara ya mwisho kutembea barabarani ilikuwa miaka ya 1960. Baada ya hapo lilikaa shambani huko Wales miaka kama 20. Akatokea mtu akalinunua ili alifufue, akashindwa kumaliza, likalala bustanini. Januari 2018 kampuni yenyewe ikatangaza kwamba limepatikana, na mahali lilipokutwa ni kilomita chache tu kutoka Solihull, kiwanda kilichokuwa kimelizaa. Miaka yote ile watu wanapita karibu nalo! Walijuaje kwamba ndilo? Wataalamu walikaa miezi mingi na makaratasi ya zamani, wakafuata nani alimuuzia nani, wakapima vyuma. Magari ya majaribio yalikuwa na alama zake: alumini nene kuliko ya magari yaliyofuata, chesisi iliyochovywa madini ya kuzuia kutu, na sanduku la nyuma linaloweza kutolewa.

La pili ni gari lenye namba ya chesisi 860001, yaani la kwanza kabisa katika orodha ya magari ya kuuzwa. Usajili wake ni JUE 477. Ungefikiri lingewekwa makumbusho. Wapi! Lilifika kwa mkulima mmoja kaskazini mwa Uingereza, alilinunua kwa pauni 15, likafanya kazi za shamba, likachoka, likaachwa. Baadaye sana fundi Julian Shoolheifer alilifufua kwa kubakiza kila kipande cha asili alichoweza kukibakiza.

La tatu ndilo lililonigusa zaidi. Mwaka 1955 vijana sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London na Land Rover mbili kwenda Singapore kwa barabara. Moja waliiita Oxford, nyingine Cambridge. Walifika Machi 1956. Baada ya safari Oxford ilipelekwa na watafiti wa ndege kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, kisha ikaishia kisiwa jirani cha Saint Helena. Hicho ndicho kisiwa alichofia Napoleon, na ndicho kimoja kati ya visiwa ambako Waingereza walimhamishia Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar baada ya kumkamata Dar es Salaam mwaka 1916. Kisiwa cha wahamishwa, kwa kifupi. Oxford nayo ikahamishwa huko, ikazeeka huko. Mwaka 2017 Mwingereza mmoja, Adam Bennett, aliirudisha kwao akaifufua. Na mwaka 2019 iliendeshwa kutoka Singapore hadi London: ile safari ya zamani, lakini safari hii kurudi nyumbani.

Nilimsomea Shofere habari ya Oxford. Akanyamaza, halafu akauliza swali moja tu la fundi: "Ekseli za nyuma walibadilisha?" Kumbe udhaifu huo unajulikana dunia nzima. Ekseli za nyuma za Land Rover za zamani zilikuwa zinakatika zikizidishiwa mzigo. Kwa hiyo aliponiambia ekseli ilikatika na gari limejaa watu, alikuwa anasema kitu ambacho fundi yeyote wa Ulaya angekiamini papo hapo.

NAMBA INASEMA NINI

Turudi kwenye kibati. Nilitumia bando ya kaka yangu mpaka tukagombana, lakini nilipata kitu.

Namba ya Shofere inaanza na 254. Nilicheka, nikafikiri ni kodi ya simu ya Kenya. Kumbe kwenye Land Rover tarakimu tatu za mwanzo zinaeleza ukoo wa gari. 254 maana yake ni Series IIA, aina iliyotengenezwa kati ya mwaka 1961 na 1971, ile ndefu ya inchi 109, injini ya petroli, imetengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza, na usukani uko kushoto. Hapa Tanzania, pia Kenya na Uganda, usukani uko kulia. Kwetu Kongo uko kushoto. Kwa hiyo hata Shofere angekuwa bubu, kibati kingesema: gari hili halikutengenezwa kwa barabara za huku tuliko sasa. Tarakimu tano zinazofuata ni namba ya gari lenyewe katika foleni ya kiwanda, na herufi ya mwisho inamwambia fundi ni toleo gani, ili asinunue spea isiyoingia.

Pia nimejifunza kwamba namba hiyo haiko kwenye kibati peke yake. Imegongwa na kwenye chesisi, upande wa mbele, karibu na panaposhikiliwa springi. Kibati kinaweza kung'olewa, lakini namba ya chesisi inabaki na gari. Ndiyo maana wanunuzi wa magari ya zamani hukwangua kutu mahali pale kabla ya kutoa hata senti. Kibati na chesisi vikitaja namba moja, wanakubali. Visipolingana, wanaanza maswali.

Na kiwandani waliandika vitabu. Kila gari lililotoka liliandikwa: limetengenezwa lini, rangi gani, injini namba ngapi, limetumwa wapi. Vitabu hivyo viko hadi leo kwenye makumbusho ya magari ya Uingereza huko Gaydon, na mwenye gari anaweza kulipia cheti kinachoonyesha hayo. Fikirieni: karani fulani asiyejulikana, mwaka 1965 labda, ameandika mstari mmoja kwa kalamu. Miaka 60 baadaye mtu anaweza kujua gari lake lilizaliwa siku gani. Sisi wangapi hapa tunajua siku tuliyozaliwa kwa uhakika? Mimi tarehe 1 Januari yangu mnaijua ilivyopatikana, na najua nina wenzangu wengi wa tarehe hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema mali. Watu je?

KUFUFUA NI KAZI GANI

Kwa wale wa darasa la ufundi, kidogo juu ya kazi yenyewe.

Bodi ya alumini haishiki kutu kama chuma, lakini ina adui wake. Pale alumini inapogusana na chuma na maji yakaingia katikati, alumini inaliwa taratibu, inageuka unga mweupe. Chesisi nayo ni chuma kilichounganishwa kama sanduku refu lenye uwazi ndani. Maji na tope vinaingia, kutu inaanzia ndani ambako huoni. Mafundi hupita na nyundo ndogo wakigonga na kusikiliza. Chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinajibu kwa sauti nzito. Ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva ndio mara nyingi huoza vibaya. Injini na giaboksi siyo tatizo kubwa, kwa sababu gari hili lilitengenezwa lifunguliwe na mkulima kwa spana za kawaida. Gia ya ziada yenye kichwa chekundu ni ya mwendo mzito, kitufe cha njano ni cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Shofere alinionyesha kwa mikono hewani, akiwa amekaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto ukikanyaga klachi isiyokuwepo.

Wafufuaji wenyewe wamegawanyika. Kuna wanaotaka gari ling'ae kama limetoka kiwandani jana. Mwaka 2016 kampuni ilianza kuuza Series I 25 zilizofufuliwa kwa namna hiyo. Kuna wengine wanasema, ukipaka rangi mpya umefuta maisha ya gari. Lile la Amsterdam lilipopatikana, mafundi walipanga kutunza rangi ya zamani, ile iliyochubuka miaka 70, wasiiguse. Wanasema michubuko ndiyo ushahidi.

Nikamuuliza Shofere: gari likibadilishwa injini, difu, milango, bado ni lile lile? Akasema la patron lilibadilishwa injini mara mbili na bodi ikagongwa upya mara hazihesabiki. "Ila chesisi ilikuwa moja. Mutu na yeye anabadilisha nchi, anabadilisha kadi, anabadilisha hata meno. Chesisi inabaki."

SISI TULIZITUNZAJE

Kuna kitu kinaniudhi kidogo kwenye habari hizi. Ukisoma, utadhani wanaotunza magari ya zamani ni wazungu wenye gereji zenye taa nyeupe. Lakini kuna namna mbili za kutunza. Moja ni kulifufua gari lililokufa. Nyingine ni kukataa life. Huko milima ya Darjeeling, India, Land Rover za miaka ya 1950 bado zinapandisha abiria hadi Sandakphu, kwa spea za kuchonga na akili za mafundi. Hapa Tanzania, Oktoba 2024, Arusha walifanya tamasha la Land Rover, zikaja kwa mamia, nyingi zikiwa ni zile zinazofanya kazi Jumatatu mpaka Jumamosi. Shofere na wenzake waliendesha gari la mwaka wa 60 na kitu mpaka 1996. Hilo hakuna aliyeliita kufufua. Liliitwa kazi.

Kwa ndugu wa mashirika: hizo Land Cruiser nyeupe mnazopanda nazo zina ukoo. Toyota walitengeneza gari la mfano wa Jeep mwaka 1951, likapanda mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina Land Cruiser lilikuja mwaka 1954. Aina ya 70, ambayo ndiyo nyingi hapa kambini, ilianza mwaka 1984. Ndizo zilizoipokonya Land Rover soko la Afrika. Na mwaka 2021 Toyota nao walitangaza kwamba watatengeneza upya spea za zile za zamani za aina ya 40, kwa sababu watu hawataki kuziacha zife. Siku moja na hiyo inayopita mbele ya ofisi ikitimua vumbi, mtu ataitafuta.

JIBU NILILOMPELEKEA

Nilirudi kwa Shofere nikamwambia ukweli.

Nikamwambia bodi huenda haipo tena. Alumini huku kwetu haikai porini. Inayeyushwa, inakuwa sufuria. Inawezekana kabisa kuna mama anapika ugali kwenye mlango wa gari lake. Magurudumu na injini, askari au wapita njia walishachukua. Lakini chesisi ya Land Rover ni chuma kizito, haina faida kubwa kwa mtu asiye na gari. Kama ipo kwenye majani kando ya njia ile, na kama mtu atakwangua kutu mbele karibu na springi, na akasoma namba inayoanza na 254 inayolingana na kibati, basi itajulikana kwamba gari halikuuzwa likaenda. Lilibaki pale aliposema.

Nikamwambia pia kwamba vitabu vya Uingereza vinaweza kusema rangi na siku ya kuzaliwa, lakini haviwezi kusema nani aliliacha wapi. Kitu hicho kinajulikana na watu waliokuwepo. Hata wale waliotafuta gari la Amsterdam, walipomaliza makaratasi ilibidi wafuate watu.

"Basi tafuta watu," akasema.

Nikaanza. Jioni, baada ya kazi, nilikuwa naenda kwa wale waliopita njia ile Oktoba 1996, nauliza swali moja: uliona Land Rover imekufa njiani kabla ya Baraka? Wengi hawakumbuki. Wengine walisema waliona magari mengi, nani angehesabu. Mmoja alinifukuza, akasema namtetea mwizi.

Wiki ya tatu, katika zoni nyingine kabisa, nikampata mama mmoja. Mwaka ule alikuwa msichana wa miaka 12, alipanda Land Rover ya kijivu pamoja na bibi yake, wamebanana na magunia. Anakumbuka kishindo chini ya gari, kama mti umevunjika, halafu injini inanguruma lakini gari haliendi. Anakumbuka dereva akiwaambia washuke, akambeba bibi hadi chini. Halafu akasema neno ambalo niliomba alirudie nikaliandike vizuri:

"Nilipogeuka nyuma nilimwona yule dereva amepiga magoti ndani ya gari, anafungua kitu kwa bisibisi. Nikamwambia bibi, angalia, anaiba."

Hakuwahi kujua dereva yule ni nani. Hakujua anakaa mwendo wa saa moja kutoka kwake.

Sikumwambia kuhusu kibati kabla hajamaliza kusema. Nilijifunza hilo kwa wafufuaji: acha chuma kiseme kwanza, ndipo ufungue kitabu. Nilipomwambia alichokuwa anafungua dereva, alishika mdomo.

Jumapili nikampeleka kwa Shofere. Sitaandika yote waliyozungumza, ni yao. Niseme tu kwamba mzee alimuuliza, "Bibi alifika?" Mama akajibu, "Alifika. Amezikwa hapa hapa, mwaka 2004." Mzee akashukuru Mungu.

Tumeandika ushahidi wa mama kwenye daftari, kwa tarehe, na ameweka saini. Mzee ameweka dole gumba. Namba ya kibati tumeiandika ukurasa wa kwanza, mara mbili, isipotee. Najua daftari la shule siyo mahakama. Sijui kama ule ukoo utalisoma. Lakini kabla ya hapo yalikuwepo maneno ya watu upande mmoja, na kibati peke yake upande wa pili. Sasa kibati kina mwenzake.

Kwa hiyo ndugu zangu, nina maombi mawili.

La kwanza: kama wewe au mzazi wako mlipita njia ya kuelekea Baraka mwishoni mwa Oktoba 1996, mkaona Land Rover ndefu ya kijivu imesimama, usukani kushoto, mgongo umekaa chini, tafadhali niambie. Na kama una ndugu anayeishi kule sasa, mwombe aulize wazee wa vijiji vya kando ya njia kuhusu chesisi iliyobaki. Asichukue kitu, asome namba tu na apige picha.

La pili: kila nyumba hapa ina kibati chake. Inaweza kuwa funguo ya nyumba isiyokuwepo, kitambulisho cha kazi, mwiko wa fundi uashi, daftari la madeni la duka. Waulize wazee wako hicho kitu ni cha nini, uandike, uweke tarehe. Usisubiri macho yakatae.

Shofere jina lake liko kwenye orodha ya macho, daktari anatarajiwa mwezi ujao. Amesema akipata miwani, kitu cha kwanza atakachosoma ni namba yake, kuona kama mimi niliisoma sawasawa.

Berlin nitaandika zamu ijayo.